Tusihesabu Miti Pekee, Tujue na Nasaba Zake

Limekuwa jambo la kawaida humu nchini kupima uhifadhi wa misitu kwa idadi ya miche iliyopandwa. Kila shule ina hesabu yake, kila kaunti ina yake, na tangu Desemba 2022 taifa zima lina shabaha moja: miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Mnamo tarehe 13 Novemba 2023 hata siku nzima ya mapumziko ilitengwa ili wananchi washike majembe wakapande miti. Hakuna mwenye akili timamu awezaye kuilaumu nia hiyo. Nchi isiyo na misitu hukaukiwa na mito yake, na watu wasio na maji hawana kesho. Hata hivyo, lipo swali ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa katika hafla za upanzi: je, miche hii tunayoipanda ni watoto wa nani?

Huenda msomaji akastaajabu kwamba swali hili linaulizwa na mwalimu wa isimu, mtu ambaye riziki yake hutokana na irabu na konsonanti. Nami nakiri kwamba sina mamlaka ya kumfundisha mtaalamu wa misitu kazi yake. Lakini elimu ni bahari, na mara nyingine mawimbi ya fani moja huzifikia fukwe za nyingine. Wanasayansi wanaohifadhi miti iliyo hatarini kutoweka wanatumia mbinu ambayo mwanafunzi yeyote wa lahaja ataitambua mara moja. Mbinu hiyo ni ya kutafuta alama ndogo zinazofichua asili. Wao huziita alama za kijenetiki. Kwa kuwa kazi yake hasa ni kutufunulia ukoo wa mti, nitaziita hapa alama za nasaba.

Tuanze na jambo tunalolifahamu. Mtu akisema "ndia" pale ambapo Kiswahili Sanifu kina "njia", au akisema "teka" badala ya "cheka", msikilizaji makini hutambua kwamba mzungumzaji ana asili ya lahaja za kaskazini, kama vile Kimvita au Kiamu. Tofauti hiyo ya sauti haibadilishi maana hata chembe. Njia ni ile ile, iwe imeitwa ndia au njia, na kicheko ni kile kile. Hata hivyo, sauti hiyo ndogo isiyo na uzito katika maana hubeba historia nzima ya mzungumzaji: kwao, kwa wazazi wake, na kwa wale waliomfunza kunena.

Vivyo hivyo kwa miti. Ndani ya kila seli ya jani mna maandishi marefu ya DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wanasayansi huziita A, C, G na T. Sehemu kubwa ya maandishi hayo haionekani kuathiri urefu wa mti, ladha ya tunda lake wala ugumu wa mbao zake. Lakini katika sehemu hizo zisizo na athari mna mahali ambapo herufi chache hurudiwarudiwa, mithili ya uradidi katika lugha yetu tunaposema "polepole" au "kidogokidogo". Mti mmoja huenda una GAGAGA iliyorudiwa mara 12, na jirani yake una iliyorudiwa mara 15. Kila mti una nakala mbili za mahali hapo, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mtafiti akipima mahali sita au kumi kama hapo, aweza kusema ni miti ipi iliyo ndugu, ni upi uliozaa mche fulani, na kama msitu mzima una koo nyingi au umebakia na ukoo mmoja.

Ipo pia DNA ya sehemu za kijani za jani, ambayo katika mimea mingi itoayo maua hurithiwa kutoka kwa mama pekee. Chavua husafiri kwa upepo na kwa nyuki, lakini DNA hiyo haimo safarini. Hiyo husafiri na mbegu tu. Kwa hiyo mtafiti akiifuatilia, hupata kujua njia ambazo mbegu zilipitia karne kwa karne, zikibebwa matumboni mwa ndege na nyani, kutoka mlima hadi mlima.

Alama hizi hazipatikani zikiwa tayari kama matunda ya kuokota. Lazima zitafutwe kwa kila aina ya mti. Watafiti husoma sehemu za DNA ya miti michache, hutafuta mahali penye marudio, kisha hutengeneza vipande vifupi vya DNA vinavyoshika kingo za mahali hapo ili panakiliwe mara mamilioni katika maabara, mpaka paweze kupimwa. Mbinu hiyo ya kunakili ilibuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel miaka 10 baadaye. Baada ya hapo alama hujaribiwa. Ile inayofanana katika miti yote hutupwa, maana haina habari ya kutoa; ile inayotofautiana huwekwa. Mwanaisimu hufanya hayo hayo. Neno lisemwalo sawasawa kutoka Lamu hadi Kilwa halimsaidii kuchora mipaka ya lahaja.

Tukitaka kuona manufaa ya elimu hii, na tutazame mti mmoja wa kwetu. Wataalamu huuita Prunus africana. Wakikuyu huuita muiri, Waluhya mwiritsa, Wanandi na Wakipsigis tenduet. Ni mti wa nyanda za juu, unaoonekana tangu Kameruni na Ethiopia hadi Afrika Kusini, na hata kisiwani Madagaska, ambako wazee wetu wa pwani walikuita Bukini. Kwa kuwa hupenda baridi ya milimani, mti huu huishi kama watu wa visiwani: kila mlima una jamii yake, na katikati pana bahari ya joto na ukame isiyovukika kwa urahisi.

Waganga wa mitishamba walilitumia gome la muiri tangu jadi. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alijipatia hataza ya dawa iliyotokana na gome hilo, ya kutuliza maradhi ya kupanuka kwa tezi dume yanayowasumbua wanaume wa umri mkubwa. Biashara ikavuma. Magome yakasafirishwa Ulaya kutoka Kameruni, Madagaska na kwetu Kenya pia. Mti uliochunwa gome pande zote za shina kwa kawaida hufa ukiwa umesimama, na palipokosekana subira mti mzima ulikatwa ili uchunwe hadi matawini. Mwaka 1995 muiri uliingizwa katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake hudhibitiwa na mkataba wa kimataifa ujulikanao kama CITES.

Jibu la haraka ni kusema: basi tupande mingine. Ni jibu zuri, lakini ni nusu ya jibu. Mbegu za muiri hazivumilii kuhifadhiwa ghalani kwa muda mrefu, kwa hiyo hazina yake haiwezi kufungiwa kabatini kama mahindi. Lazima itunzwe ikiwa hai, ardhini. Na mwenye kukusanya mbegu hufanya lililo jepesi: huenda kwenye mti mmoja mkubwa ulio karibu na barabara, hujaza gunia lake, kisha huwauzia wenye vitalu. Baada ya miaka michache tunahesabu miche elfu kumi na kupiga makofi. Kumbe miche elfu kumi hiyo ni watoto wa mama mmoja.

Madhara yake ni yapi? Jamii nyingi za Kenya zinakataza watu wa ukoo mmoja kuoana, na wazee waliotunga miiko hiyo hawakuhitaji darubini kujua kwa nini. Miti iliyozaliwa na mama mmoja, ikipandwa mahali pamoja mbali na mingine, itachavushana ndugu kwa ndugu. Vizazi vinavyofuata huelekea kupungukiwa na nguvu, mbegu nyingi huwa pumba, na miche huwa dhaifu. Baya zaidi, ndugu hushiriki udhaifu ule ule. Ukija ugonjwa usiomdhuru mmoja, umewanusuru wote. Ukija unaomuua mmoja, huenda ukawaua wote.

Haya si mambo ya kubuni. Uingereza ina aina ya mti wa jamii ya Ulmus ambao kwa karne nyingi ulikuwa pambo la mashamba yake, ukachorwa na wachoraji na kusifiwa na washairi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 uliingia ugonjwa mkali wa kuvu unaoenezwa na mbawakawa, na katika muda wa miongo michache mamilioni ya miti hiyo ilikufa. Mwaka 2004 watafiti waliotumia alama za nasaba walitangaza katika jarida la Nature kilichokuwa kimefichika: miti hiyo yote ilikuwa nakala za mti mmoja, uliopelekwa huko na Warumi yapata miaka 2,000 iliyopita ili kutegemeza mizabibu, na ukaendelea kuzaana kwa machipukizi ya mizizi. Macho yaliona mamilioni ya miti. DNA iliona mti mmoja.

Nchini Australia, mwaka 1994, iligunduliwa katika korongo moja aina ya mti iliyodhaniwa kuwa ilikwisha kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Mti huo huitwa msonobari wa Wollemi, ingawa si msonobari wa kweli. Miti mikubwa iliyosalia porini haifiki 100. Ilipopimwa ilionekana kwamba tofauti za kijenetiki baina yake ni haba mno. Ndiyo maana wenzetu wale huilinda kwa siri, hawawaonyeshi wageni mahali ilipo, na wakati wa mioto mikubwa ya mwaka 2019 na 2020 walituma wazimamoto maalumu kwenda kuiokoa. Wanajua kwamba ugonjwa mmoja unaweza kuwa mwisho wa simulizi.

Turejee nyumbani. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya muiri wa msitu wa Kakamega. Walitumia alama za nasaba kulinganisha miti mikubwa na miche inayoota chini yake, katika sehemu zilizotulia na zile zilizovurugwa na shughuli za binadamu. Hitimisho lao ni kwamba vurugu za binadamu hupunguza uanuwai wa kijenetiki wa mti huu. Tulifikirie jambo hilo vyema. Mti wa miaka 100 ulizaliwa katika msitu wa jana. Mche wa leo umezaliwa katika msitu wa leo. Mtu apitaye njia aweza kuona miti mikubwa na miche mingi akasema msitu ungali mzima. Alama hizi hutupa onyo mapema, kabla jicho halijaona dosari.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2011, uchunguzi mwingine ulioihusisha miti ya nchi kadhaa za Afrika ulionyesha jambo la kushangaza zaidi. Bonde la Ufa limeigawa miiri ya Afrika Mashariki katika jamii mbili: ya mashariki mwa bonde na ya magharibi mwake. Muiri wa Mlima Kenya na muiri wa Kakamega, ambao mtu wa kawaida hawezi kuutofautisha na mwenzake, ni wa koo mbalimbali. Isitoshe, miti ya magharibi mwa Uganda ilionekana kuwa na udugu wa karibu na ile ya Afrika Magharibi, dalili kwamba zamani, hali ya hewa ilipokuwa nyingine, palikuwa na njia ya misitu iliyoziunganisha nyanda hizo. Mwanaisimu asomapo hayo hukumbuka jinsi maneno ya Kibantu yanavyotuonyesha safari ambazo hakuna aliyeziandika.

Basi mwenye kitalu anayenunua mbegu Meru akaenda kuzipanda kandokando ya msitu wa Kakamega, akidhani muiri ni muiri, huenda anachanganya maandishi ya zama mbili. Pengine hakutatokea dhara. Pengine miche hiyo haitaizoea mvua na udongo wa huko. Jambo la hekima ni kutochanganya bila kujua. Mtu hachanganyi madaftari ya maktaba mbili kabla ya kusoma majalada yake.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni la gharama. Watasema: nchi yenye shule zisizo na madawati itatoa wapi fedha za kusoma DNA za miti? Ni swali la haki. Lakini gharama za kusoma DNA zimeshuka mno, na maabara za kazi hiyo hatuzikosi. Mwaka 2013 ilifunguliwa jijini Nairobi, katika makao ya shirika la utafiti wa kilimo-misitu, ICRAF, maabara ya mradi wa kusoma jeni za mimea 101 ya Afrika iliyopuuzwa na sayansi, na mingi kati yake ni miti. Taasisi yetu ya utafiti wa misitu, KEFRI, nayo ina kituo cha mbegu huko Muguga. Hatuanzi patupu.

Ni kweli kwamba hata katika ulimwengu wa miti mwenye jamaa tajiri hufaidika. Alama zilizotumiwa kuuchunguza muiri ziliazimwa kutoka kwa jamaa zake wa Ulaya na Asia wenye kuzaa matunda ya biashara, kama pichi na plamu, ambao walichunguzwa mapema kwa sababu wana soko. Miti yetu mingi haina jamaa wa namna hiyo. Hiyo ndiyo sababu ya kuwasomesha vijana wetu wazitafute alama za miti yetu wenyewe, badala ya kungoja mgeni apendezwe nayo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba sayansi hii haizuii shoka. Naliafiki kabisa. Kujua ukoo wa mti hakumfukuzi mwenye kuuchuna gome usiku, na msitu usiolindwa utakwisha hata kama kila jani lake limesomwa. Lakini wenye kulinda nao huhitaji kujua walinde kipi kwanza. Askari ni wachache na fedha ni haba. Ikiwa misitu miwili midogo inagombaniwa na watu, na mmoja wao una ukoo usiopatikana kwingineko, alama za nasaba zitatuambia tusimame wapi.

Swali la mwisho, na ndilo linalonifanya niandike katika ukurasa huu unaosomwa na walimu na wanafunzi, ni hili: shule isiyo na maabara ya DNA itafanya nini? Yapo mengi, na karibu yote hayahitaji fedha. Watafiti wa alama wamekwisha kutufanyia kazi ngumu; somo lao limefupishwa katika kanuni ambazo mtoto wa shule ya msingi aweza kuzifuata. Mbegu zisikusanywe kwenye mti mmoja. Ushauri wa kawaida wa wataalamu wa mbegu ni kwamba zitoke kwenye miti mama isiyopungua 30, iliyo mbalimbali, ikiwezekana kwa umbali wa meta 50 au 100 kutoka mmoja hadi mwingine, maana miti iliyosongamana mara nyingi ni ndugu. Kila mti utoe kiasi kinachokaribiana na cha mwingine, kisha mbegu zichanganywe. Shule moja ikikosa miti 30, shule tano za jirani zibadilishane.

Aidha, kila shule yenye kitalu iwe na daftari la mbegu. Humo pataandikwa jina la mti kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili kama lipo, mahali mbegu zilipookotwa, idadi ya miti mama, na tarehe. Mwalimu wa sayansi atafundisha urithi wa sifa kwa daftari hilo, mwalimu wa jiografia atafundisha milima na mabonde, nasi walimu wa lugha tutakusanya majina. Nchi yenye majina ya miti yaliyosahauliwa haitachelewa kuisahau miti yenyewe. Miaka 20 ijayo, mtafiti atakapokuja na vifaa vyake kupima miti ya shule hiyo, atakuta nusu ya kazi imekwisha kufanywa na watoto.

Nao wanaotoa zawadi kwa shule zilizopanda miti mingi zaidi, ningewaomba waongeze swali moja katika fomu zao. Pamoja na "mmepanda mingapi?" waulize "mbegu zimetoka kwenye miti mingapi?" Swali hilo moja litabadilisha mwenendo wa wenye vitalu kuliko hotuba mia.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sisi tumezoea kulitumia neno hilo kwa binadamu anayedharau kwao. Misitu inatukumbusha kwamba lina upana zaidi. Tukiipanda miti bilioni 15 bila kujua ilikotoka, huenda wajukuu wetu wakarithi nchi ya kijani isiyo na kinga, inayongoja kuvu mmoja kama ule wa Uingereza. Tukiipanda tukijua mama zake, tutakuwa tumewaachia msitu. Msimu wa mvua ukikaribia, mwalimu, kabla hujawatuma wanafunzi wako wakaokote mbegu chini ya ule mti ulio langoni, watume waende mbali kidogo.